Nuru ya Kuchanulia

Mkuzaji wa bangi mwenye leseni huko Kanada hupanda mimea yake ndani ya chumba kisicho na dirisha. Jua halipenyi humo, na hakuna masika wala kipupwe. Kila mwale unaoligusa jani umetoka kwenye taa aliyoinunua mwenyewe, na kila dakika ya giza ameiamuru mwenyewe. Ndiyo maana swali ambalo mkulima wa shambani hana haja ya kujiuliza, kwamba nuru iwe ya rangi gani, kwake huja hata kabla ya swali la mbolea. Akichagua vibaya mmea hautakufa. Utaishi, lakini utarefuka mpaka ukaribie kuigusa taa, au utajikunyata na kutoa maua machache kuliko umeme uliolipiwa, na hasara ataiona wakati wa kuvuna, baada ya wiki 8 au 10.

Nchini Kenya na Tanzania zao hili ni marufuku, na siandiki ili mtu alivunje katazo hilo. Kanada iliihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018. Ujerumani inamruhusu mtu mzima kukuza mimea 3 nyumbani kwake tangu tarehe 1 Aprili 2024. Jirani yetu Rwanda iliamua mwaka 2020 kuruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Wenye ruhusa hiyo wamejenga, mbele ya macho yetu, ufundi wa nuru ambao naustahi kwa dhati, na ambao unawahusu pia watu wanaokuza maua ya kawaida kando ya Ziwa Naivasha na Ziwa Viktoria.

Tuanze na namba iliyopigwa chapa kwenye kasha la taa: 2700K, 3000K, 3500K, 4000K, 5000K, 6500K. Herufi K imetokana na Kelvin, cheo alichopewa William Thomson, mwanafizikia wa Glasgow, na namba yenyewe ni kipimo cha joto. Hata hivyo si joto la taa, maana taa ya LED ikifikishwa kelvini 3000 itakuwa imeshayeyuka. Ni joto ambalo kitu cheusi kingelazimika kufikishwa ili king'ae kwa rangi ile. Aliyewahi kusimama mbele ya mhunzi analifahamu jambo hili kwa macho yake: mivukuto ikivuma, chuma huanza kuwa chekundu, kikaingia rangi ya chungwa, kikawa manjano, kisha kikaelekea weupe. Mhunzi hana kipimajoto, anaisoma rangi. Wanafizikia waliitafuta kanuni ya usomaji huo wakaitia kwenye namba. Utambi wa balbu za zamani ulifika karibu kelvini 2700. Nuru ya jua la adhuhuri ni kama 5500. Anga safi ya buluu, upande ulio mbali na jua, hupita 10,000. Kwa hiyo namba ndogo ni nuru ya manjano na namba kubwa ni nuru yenye ubuluu, jambo linalowachanganya wanunuzi wengi kwa sababu sisi tumezoea kuuhusisha wekundu na moto mkali na ubuluu na baridi.

Namba hii ilitungwa kwa ajili ya jicho la mwanadamu. Mwenye duka la nguo huitumia ili kitambaa kisibadilike rangi machoni pa mteja, na mwenye hoteli huitumia ili wageni wajisikie wametulia. Jani halina jicho. Lina klorofili na rangi nyinginezo za asili zinazoipokea nuru punje kwa punje, na kila punje, inayoitwa fotoni, ama inaanzisha kazi ya kutengeneza sukari ama haianzishi. Kazi ya kwanza ya fundi, basi, ni kuitafsiri namba ya jicho kuwa hesabu ya jani. Hakuna kasha linalomfanyia kazi hiyo. Anaifanya mwenyewe, na hapo ndipo ninapoanza kumheshimu.

Ili afanikiwe lazima ajue taa nyeupe ya LED imezaliwaje. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric mwaka 1962. Baada ya hapo dunia ilisubiri miaka 30 hivi kupata buluu yenye nguvu, mpaka Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipoishinda ile fuwele ya galiamu naitraidi iliyowashinda wengine. Nakamura alikuwa akifanya kazi Nichia, kampuni ya mkoa wa Tokushima, mbali na vyuo vikubwa vya Tokyo. Mwaka 2014 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Buluu ile ndiyo iliyoleta nyeupe, kwa sababu taa nyeupe ya LED ni kipande cha buluu, chenye mawimbi ya karibu nanomita 450, kilichofunikwa na unga wa madini uitwao fosfa. Unga huo humeza sehemu ya buluu na kuitoa upya ikiwa kijani, manjano na nyekundu. Buluu iliyoponyoka huchanganyika na hizo, na jicho linaona weupe.

Kila taa nyeupe ya LED, kwa hiyo, ni ya buluu kwa asili yake. Tofauti kati ya 6500K na 2700K ni kiasi cha buluu kilichomezwa na unga. Kwenye taa za 2700K na 3000K, fotoni za buluu ni kama moja katika kila kumi. Kwenye 4000K zinakaribia moja katika tano. Kwenye 6500K zinapita robo. Mkuzaji mzoefu haoni tena manjano na weupe anapoisoma namba ya kasha. Anaona kiasi cha buluu, na buluu ndiyo inayoamua umbo la mmea.

Mmea unaopata buluu nyingi hubaki mfupi, pingili zake hukaribiana, majani hunenepa na matundu madogo ya kupumulia hufunguka vizuri. Ukipata buluu kidogo, shina hurefuka na majani hutanuka. Kwa miche hali ya kwanza ni njema, na ndiyo sababu wakuzaji wengi huanza na taa za 4000K, 5000K au hata 6500K wakati mmea unajenga mwili, taa zikiwaka saa 18 kwa siku. Maua yakikaribia, hesabu inageuka. Jani hulipwa kwa idadi ya fotoni linazozipokea, bila kujali ukubwa wa nishati ya kila moja, na nishati ya ziada iliyomo ndani ya fotoni ya buluu hupotea kuwa joto. Tena sehemu ya buluu humezwa na rangi za jani zisizoshiriki vizuri katika usanisinuru. Nyekundu, kinyume chake, ni rahisi kuzalisha: juli 1 ya nishati ikigeuzwa yote kuwa nuru ya nanomita 660 hutoa mikromoli 5.5 za fotoni, lakini ikigeuzwa kuwa buluu ya nanomita 450 hutoa 3.8 tu. Kwa umeme uleule, mwenye nyekundu anaanza mbele.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, miongoni mwao Bruce Bugbee, mtu aliyetumia maisha yake ya kazi kupima nuru ya mimea, hata kwa utafiti wa chakula cha wanaanga, walichapisha majaribio yao juu ya bangi ya aina ya dawa. Walipopandisha sehemu ya buluu kutoka asilimia 4 hadi 20, mavuno ya maua yalishuka kwa karibu asilimia 12. Nguvu ya dawa ndani ya maua haikubadilika. Matokeo hayo yalizima mabishano mengi, kwani kulikuwa na watu waliokuwa wakiuza taa za buluu kwa ahadi kwamba zinaongeza utomvu. Mimi napenda zaidi sehemu nyingine ya ripoti ileile, isiyovutia macho: kwamba kwa mfuko wa mkuzaji, uwezo wa taa kugeuza umeme kuwa fotoni una uzito kuliko rangi yake. Mtafiti aliyekwenda kupima rangi akarudi kusema kwamba rangi siyo jambo la kwanza ni mtafiti wa kuaminika.

Kwa nini basi wakuzaji wasiiondoe buluu kabisa? Wapo waliojaribu. Bangi inapoingia katika maua huwa na tabia ya kurefuka ghafla, na katika wiki 2 au 3 za mwanzo baadhi ya aina huongezeka kimo mara mbili. Chumba kina dari, na kati ya dari na mmea pana taa. Mmea uliorefuka bila kiasi hukaribia taa kichwani na kukosa nuru miguuni, kisha maua yake huwa mepesi, yametawanyika juu ya matawi yasiyoweza kuyabeba. Hapa ndipo ufundi unapojitenga na hesabu tupu. Mkuzaji anayeijua aina yake, aliyekwisha kuiona ikikua mara nyingi, anaweza kuiwekea 4000K katika wiki zile za kurefuka ili kulizuia shina, kisha akashuka hadi 3000K maua yanapoanza kujaza. Mwingine mwenye aina fupi ya asili ya milima ya Asia huanza na 3000K siku ya kwanza wala haigusi tena. Aina ndefu za nchi za joto, ambazo huchukua muda mrefu kukomaa, zinahitaji mkono mwingine. Hakuna namba moja inayowafaa wote, na anayekuuzia namba moja kwa mimea yote hajakuza mingi.

Rangi, hata hivyo, ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili ni giza.

Bangi ni miongoni mwa mimea ya kwanza kabisa kuifunulia sayansi siri ya usiku. Kati ya mwaka 1912 na 1914 Mfaransa Julien Tournois aliona kwamba bangi na hopu ya Kijapani, zikipandwa wakati wa siku fupi, hutoa maua zingali changa mno. Alichunguza sababu moja baada ya nyingine, akahitimisha kuwa kinachouamsha mmea ni kurefuka kwa usiku zaidi ya kufupika kwa mchana. Vita Kuu ya Kwanza ilimuua kabla hajaendelea, na jina lake halitajwi inavyostahili. Mwaka 1920 Wamarekani Wightman Garner na Harry Allard walitangaza jambo hilohilo kwa upana zaidi, wakitumia tumbaku ya Maryland Mammoth, iliyokuwa ikikataa kuchanua majira ya joto karibu na Washington. Waliiingiza mimea kwenye banda la giza kila alasiri na kuitoa asubuhi, nayo ikachanua. Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner waliukatiza usiku kwa nuru ya muda mfupi mno, wakatumia gugu la Xanthium, lile lenye matunda ya miiba yanayong'ang'ania nguo. Gugu halikuchanua. Usiku mrefu uliokatwa katikati ni usiku mfupi mara mbili, na mmea unaupima usiku.

Kisha ikaja kazi ya Beltsville, Maryland, katika kituo cha utafiti cha serikali ya Marekani, ambako Harry Borthwick na Sterling Hendricks walitaka kujua ni rangi gani inayoukata usiku huo. Jibu lilikuwa nyekundu, ya karibu nanomita 660. Mwaka 1952 walionyesha, kwa mbegu za saladi, kwamba nyekundu hiyo huamsha kuota, na kwamba nyekundu ya mbali, ya nanomita 730 hivi, iliyo ukingoni mwa uwezo wa jicho, hufuta amri ile. Ukiwasha nyekundu, kisha nyekundu ya mbali, kisha nyekundu tena, mbegu itaifuata nuru ya mwisho. Ndani ya mmea mna protini inayogeuka huku na huku kwa rangi hizo mbili. Inaitwa fitokromu, na ndiyo inayoipa habari za nuru saa ya usiku ya bangi, ya krisanthemamu, ya soya na mimea mingine mingi.

Mkuzaji aliyelielewa hilo huishi kwa utaratibu unaonistaajabisha. Taa zinawashwa saa 12 asubuhi na kuzimwa saa 12 jioni, au kinyume chake kama umeme wa usiku ni wa bei nafuu, na saa 12 za giza hazichezewi. Ile nyekundu iliyo nyingi katika taa ya 3000K, inayojaza maua mchana, ndiyo hiyohiyo inayoyaharibu usiku. Kwa hiyo mkuzaji huingia chumbani taa zikiwa zimezimwa, akakaa mpaka macho yazoee giza, akatafuta: ufa chini ya mlango, kijitaa chekundu cha kifaa cha kukausha hewa, tarakimu zinazong'aa za kipimajoto. Kila kimoja anakibandika utepe mweusi. Akilazimika kuingia usiku kutengeneza bomba, hutumia taa ndogo ya kijani iliyofifia na kutoka haraka, akijua kwamba hata kijani hakikosi kabisa kuigusa fitokromu. Usiku uliovuja unaweza kuurudisha mmea kwenye majani au kuufanya mmea wa kike utoe maua ya kiume, na ua moja la kiume likipasuka chumba kizima hujaa mbegu. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wawe makini kiasi hicho.

Kwetu huku karibu na Ikweta, usiku una takriban saa 12 mwaka mzima, na hilo limeufanya ufundi huu uwe wa lazima kwa njia nyingine. Krisanthemamu nayo ni mmea wa usiku mrefu. Mashamba ya Uganda na Kenya yanayozalisha vipandikizi vyake kwa soko la Ulaya hayataki maua. Yanataka mimea mama iendelee kutoa machipukizi laini. Ikiachiwa usiku wa Ikweta ulivyo, mimea hiyo ingechanua na kuacha kutoa vipandikizi. Basi taa huwashwa usiku wa manane ndani ya mabanda ya plastiki kuukata usiku vipande viwili. Wakuzaji wa maua ya jipsofila na haiperikamu wanawasha taa kwa lengo la kinyume, kwa sababu mimea yao huchanua pale inapodhani mchana umekuwa mrefu. Anayesafiri usiku kupita Naivasha huona mabanda yameng'aa. Wafanyakazi wa humo, wengi wao wanawake waliojifunzia kazi hapohapo shambani, wanaushika ufundi uleule wa Beltsville kwa mikono yao, na sijui kwa nini magazeti yetu yanawaandika wanapogoma tu.

Nirudi kwenye kasha la taa, kwa maana kuna mtego mmoja uliobaki na ni wa hila. Taa mbili zenye namba moja ya kelvini zinaweza kuupa mmea vitu viwili tofauti. Namba hiyo ni wastani wa jinsi jicho linavyoona mchanganyiko, na michanganyiko mingi huonekana sawa. Taa moja ya 3500K inaweza kuwa imejaa manjano na kijani, ikianza kufifia kabla ya kufika nanomita 650. Nyingine ikawa na vipande vya nyekundu halisi ya nanomita 660 vilivyopangwa katikati ya vile vyeupe. Machoni zinafanana. Kwa mmea ni vyakula viwili. Tena kuna watengenezaji wanaochukua nyeupe ya 5000K, kwa kuwa fosfa yake hupoteza nishati kidogo, wakaiongezea nyekundu ya 660 kwa wingi, mpaka mchanganyiko wote ukashuka na kulingana na taa ya manjano. Mnunuzi aliyekariri kwamba maua yanataka 3000K angeikataa taa hiyo kwa kuiona namba 5000 kwenye maelezo, na angekosa taa nzuri.

Fundi halisi huomba mchoro. Kila mtengenezaji anayejiheshimu hutoa mchoro wa mstari unaoonyesha kiasi cha nuru katika kila nanomita, kuanzia 400 hadi 700 na zaidi. Kilima kidogo kwenye 450 ni buluu. Mgongo mpana wa katikati ni kazi ya fosfa. Mnara mwembamba kwenye 660 ni nyekundu iliyoongezwa, na kilima cha 730, kikiwepo, ni nyekundu ya mbali. Mtu aliyezoea michoro hiyo huipitisha macho mara moja akakuambia mmea utasimamaje.

Mgongo ule wa katikati ulidharauliwa kwa miaka mingi. Palikuwa na imani kwamba jani, kwa kuwa ni la kijani, huirudisha nuru ya kijani yote na haina faida. Taa za kwanza za LED za mimea zilijengwa juu ya imani hiyo, zikawa na buluu na nyekundu peke yake, na vyumba vikajaa nuru ya zambarau. Keith McCree wa Texas alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1972, kwa kupima majani ya aina nyingi za mazao, kwamba kijani kinafanya kazi karibu sawa na rangi nyingine. Jani hukimeza kwa sehemu kubwa. Kinachorudi machoni petu ni mabaki. Tena kijani hupenya zaidi ndani ya jani na kuyafikia majani ya chini ambayo nyekundu na buluu zimeshaishia juu yao. Taa nyeupe iliwashinda wenye zambarau kwa haki.

Iliwashinda pia kwa sababu ya mtu anayefanya kazi chini yake. Katika nuru ya zambarau majani yote huonekana meusi. Katika nuru ya taa za sodiamu, zile za rangi ya chungwa tulizozizoea barabarani, kila kitu ni manjano, na jani linaloanza kugeuka manjano kwa kukosa naitrojeni halitofautiani na jirani yake mzima. Mkuzaji anaishi kwa kuona. Utando wa utitiri mwekundu, ukungu mweupe kama vumbi juu ya jani, ncha zilizoungua kwa mbolea kali, vinyweleo vya utomvu vinavyogeuka kutoka uangavu wa kioo hadi weupe wa maziwa, ishara kwamba mavuno yamekaribia: yote hayo yanahitaji nuru nyeupe ya kweli. Kwa hiyo namba iliyotungwa kwa ajili ya jicho ina haki yake chumbani, kwa sababu jicho la mkulima ni chombo cha kazi.

Kiasi cha nuru nacho kina neno. Lumeni zilizoandikwa kwenye makasha ya dukani hupimwa kwa kuipendelea kijani ya nanomita 555, ambayo jicho linaiona vizuri kuliko zote, kwa hiyo hazimsaidii mkuzaji. Yeye hupima mikromoli za fotoni zinazotua kwenye mita moja ya mraba kwa sekunde. Jua la adhuhuri la nchi za joto hutoa karibu 2000. Chumba chenye 800 kwa saa 12 huupa mmea moli 34.5 hivi kwa siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha mwaka 2021 kwamba mavuno ya maua ya bangi yaliendelea kupanda sambamba na nuru mpaka 1800, bila dalili ya kufika kikomo. Hapa rangi inakaa nyuma: 3000K iliyo dhaifu haiwezi kuishinda 4000K yenye nguvu, hata siku moja. Taa za sodiamu za kisasa hutoa mikromoli 1.7 hivi kwa kila juli ya umeme, na LED nzuri za leo hupita 3. Anayehama kutoka zile kwenda hizi hukuta pia chumba kimepoa, kwa kuwa sodiamu ilikuwa ikiyapasha majani joto moja kwa moja. Wengi huongeza joto la hewa hadi nyuzi 26 au 28 ili jani lirudi kwenye hali yake, na aliyesahau kufanya hivyo hulaumu rangi ya taa bure.

Hukumu yangu, kwa mwenye ruhusa ya sheria, chumba kimoja na fedha za taa moja, ni hii. Chukua nyeupe ya 3000K au 3500K iliyoongezwa nyekundu ya nanomita 660. Inatosha kuanzia mche hadi mavuno, na buluu yake, ijapokuwa ni kidogo, itakushikia shina. Mwenye dari fupi na aina inayorefuka apande hadi 4000K na akubali kupoteza kidogo katika mavuno. Nyekundu ya mbali iache mpaka uijue mimea yako, kwa sababu inarefusha shina haraka. Na kabla hujalipa, mwulize muuzaji mambo mawili: mchoro wa nuru ya taa hii uko wapi, na inatoa mikromoli ngapi kwa juli? Akikujibu kwa lumeni, nenda duka jingine.